Usiulize Linagonga Nini, Uliza Linagonga Lini

Mabibi na mabwana, wakubwa zangu shikamooni. Na nyinyi vijana mliojaa kule nyuma mkiwa bado na oili kwenye kucha, hamjambo.

Nina ombi kabla sijaanza. Pale nje, chini ya mti, kuna pikapu iliyofunguliwa boneti. Mwenyewe ameiacha tangu jana jioni akisema inagonga. Tafadhali mtu asiiwashe. Asiiwashe hata kwa sekunde tatu za kujaribu. Sababu nitaisema mwishoni, ingawa wajanja wataijua kabla sijafika huko.

Haya. Nagonga meza hii kwa kifundo cha kidole: ko, ko, ko. Nagonga tena kwa ukucha: tik, tik, tik. Meza ileile, mkono uleule, na kila mtu humu ndani ametofautisha bila kufundishwa. Masikio tunayo. Kinachotuponza, mafundi na wenye magari pia, ni haraka ya kutaja jina. Injini haijazimwa bado, mtu kashasema "hiyo tapeti," mwingine "hiyo konrodi," na wa tatu, ambaye hajainama hata kuchungulia, "hiyo ovahoo." Kwa mgeni: tapeti ni kile kinachosukuma valvu, konrodi ni mkono unaoshika pistoni kwenye krenki, mhimili mkuu wa injini, na ovahoo ni kufumua injini nzima. Kuuliza ni nini kinachogonga ni swali zuri, lakini ni la mwisho. La kwanza ni hili: linagonga lini?

Hilo sikufundishwa na fundi. Nilifundishwa na mteja, nikiwa bado mwanafunzi, kazi yangu kubwa ikiwa kuosha vipuri na kushika tochi. Mama mmoja wa makamo alikuja na gari dogo la petroli, akasema hivi: "Mwanangu, linatika asubuhi tu. Nikipanda kilima linatika kwa nguvu. Likishashika moto, kimya, mchana kutwa halisemi." Mkubwa wangu pale gereji aliitikia "sawa mama" huku mkono umeshafika kwenye spana. Tulifungua kava ya valvu, tukapima tapeti kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia upenyo, tukarekebisha mbili zilizokuwa zimelegea kidogo, tukafunga. Mama akaondoka. Kesho yake akarudi. Tukafungua tena. Safari ya tatu nilitumwa chini ya gari kuangalia kitu kingine kabisa, nikainua tochi, nikaona pale manifoldi ya eksozi, bomba linalokusanya moshi, inapokutana na silinda hedi, kichwa cha injini, mstari mweusi wa masizi, umetambaa juu ya chuma kama ulimi. Stadi moja, boliti inayoikaza manifoldi, ilikuwa imekatika. Moshi ulikuwa ukipenya pale kwa vipigo, tik tik tik, na ungeapa ni tapeti.

Sasa rudini kwenye maneno ya mama yule. Asubuhi chuma ni baridi, kimesinyaa, upenyo uko wazi. Kupanda kilima ni mzigo: silinda zinajaa zaidi, moshi unatoka kwa presha kubwa, mlio unapanda. Chuma kikishika moto kinatanuka, upenyo unajiziba, kimya. Yote matatu alikuwa ameshatupa bure akiwa amesimama mlangoni, sisi tukampa bili ya tapeti mara mbili.

Tangu siku hiyo mteja akiingia sianzi na boneti. Naanza na yeye. Linagonga baridi au moto? Likiwa limesimama au likivuta mzigo? Unapokanyaga mafuta au unapoachia? Lilianza taratibu au ghafla, na kabla ya hapo ulibadilisha nini? Hilo la mwisho watu hulidharau. Mlio ulioanza siku moja baada ya kubadilisha oili, filta au mkanda una ukoo na mkono uliofanya kazi ile.

Tukae kwanza kwenye baridi na moto, maana hapo pana mengi. Pistoni za magari yetu ni za aluminiamu, na aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma ikipata joto lilelile. Pistoni iliyoanza kuchakaa, ikiwa baridi, ina nafasi ya kuyumba ndani ya silinda. Mlipuko ukiisukuma inapiga ukuta kwa ubavu: mlio butu, wenye tumbo, kama kugonga ndoo ya plastiki yenye maji. Dakika chache baadaye imetanuka, imejaa mahali pake, imenyamaza. Gari la namna hiyo linaweza kutembea miaka. Simwambii mtu aufurahie mlio huo, namwambia asishushe injini kwa ajili yake.

Kuna mlio mwingine wa asubuhi ambao ni mfupi zaidi. Unawasha, unasikia krrr ya sekunde mbili tatu upande wa mbele wa injini, inakatika. Mara nyingi hiyo ni cheni ya taimingi, ile inayotoka kwenye krenki kuzungusha kamshafti, mhimili unaofungua valvu. Tenshona inayoikaza cheni katika injini nyingi inasukumwa na oili. Gari likilala, oili inateremka kwenye sampu, bakuli la chini ya injini, cheni inalegea, na ukiwasha inachapa mpaka presha ifike. Lakini kabla ya kuagiza cheni, angalia filta ya oili. Ndani ya filta nzuri kuna kivalvu cha mpira kinachozuia oili isirudi chini injini inapozimwa. Katika filta ya ovyo mpira huo umekakamaa au haupo kabisa, basi kila asubuhi injini inaanza kavu. Mimi nimeshanyamazisha "cheni mbovu" kwa kubadilisha filta peke yake, na mwenye gari akadhani nimemfanyia uchawi. Krrr ikianza kudumu, ikasikika hata injini ikiwa na moto, hapo cheni imerefuka kweli na hakuna cha kusubiri, kwa sababu ikiruka meno, katika injini nyingi valvu na pistoni hukutana.

Tapeti zinazojirekebisha kwa oili nazo hutika zikiamka, kisha hunyamaza. Zikiendelea kutika, chomoa kijiti cha kupimia oili kabla ya kuchomoa kitu kingine chochote. Oili ikiwa chini, pampu inavuta hewa, tapeti inajaa povu, na povu halisukumi valvu. Oili ikiwa juu kupita alama kuna hatari ya jambo hilohilo, maana krenki inaweza kuifikia na kuikoroga. Nimeona watu wakiongeza lita nzima "ili inyamaze" na kulifanya tatizo liwe mawili.

Sasa geuza. Mlio usiokuwepo asubuhi, unaokuja injini ikishashika moto, huo ndio unaoninyima usingizi. Beringi ya konrodi haigusani na krenki. Inaelea juu ya utando wa oili, na nafasi yenyewe ni sehemu chache za mia za milimita, nyembamba kuliko unywele. Asubuhi oili ni nzito, na oili nzito ina huruma: inaificha beringi iliyoliwa. Ikishapata moto inakuwa nyepesi, utando unakatika, chuma kinapiga chuma. Ndipo mnaposema limenoki.

Namna ya kuisikia noki ni hii. Gari limesimama, gia huru, breki ya mkono imekazwa, injini ina moto. Panda taratibu mpaka mizunguko 2,000 au 2,500 hivi kwa dakika, ishikilie hapo kidogo, halafu achia mguu. Usipige resi kama unafukuza mtu. Noki ya konrodi hupenda kujitokeza pale mguu unapoachia, wakati mzigo kwenye konrodi unageuka: ko-ko-ko-ko, ngumu, yenye mfupa, inafuata mzunguko wa injini. Beringi kubwa za krenki zina sauti nzito zaidi, ya chini, unaisikia kwenye nyayo kabla ya masikio, na hujitokeza zaidi injini inapobebeshwa mzigo, kama gari linapoondoka. Zote mbili huandamana na presha ya oili iliyoshuka. Na hapa nisikilizwe vizuri na wenye magari: taa nyekundu ya oili haikupi onyo la mapema. Swichi yake katika magari mengi huwaka presha ikishakuwa chini ya nusu bar hivi, yaani karibu hakuna presha. Taa ikiwaka ukiwa barabarani, kaa pembeni, zima. Ukisema "nifike tu nyumbani" utafika, lakini krenki haitafika nawe.

Ukishashuku konrodi, tafuta ni ya silinda ipi. Kwenye injini ya petroli yenye nozeli za umeme, zile zinazonyunyiza mafuta, chomoa soketi ya nozeli moja baada ya nyingine, injini ikinguruma kwenye mizunguko yake ya chini. Silinda isiyopata mafuta hailipuki, pistoni haisukumwi kwa nguvu, na beringi mbovu inapunguziwa kipigo: mlio unapungua au unabadilika kabisa. Umechomoa silinda ya tatu na kelele imeanguka? Umeshampata. Umechomoa zote moja moja na mlio haujali? Basi ondoka kwenye pistoni na konrodi, rudi kwenye valvu, cheni, au nje ya injini. Zamani tulikuwa tukichomoa waya wa plagi. Leo sipendi. Umeme wa koili ni makumi ya maelfu ya volti, na petroli isiyoungua inakwenda kuunguza katalisti, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye eksozi. Soketi ya nozeli ya kawaida haikupigi shoti kama hiyo na haimwagi petroli.

Hapo bado sijafungua boliti hata moja, na hata nikifungua, ya kwanza ni filta ya oili. Naikata kwa msumeno? Hapana, msumeno unamwaga unga wa chuma ndani na kuharibu ushahidi. Naikata kwa kisu cha kufungulia filta, natoa karatasi ya ndani, naikunjua kama mkeka na kuiweka juani. Oili ikichuruzika, chembe zinaanza kumeta. Napitisha sumaku. Zinazorukia sumaku ni chuma: zinaweza kutoka kwenye cheni, kamshafti, ringi. Zisizorukia, nyeupe za kumeta, ni za aluminiamu au za tabaka la juu la beringi. Nikiona zenye rangi ya shaba, basi kwenye zile beringi zenye tabaka la shaba chini, ulaji umeshapita juu na kuingia ndani. Karatasi hiyo nawaonyesha wenye gari. Hakuna aliyewahi kubishana nayo.

Kuna kitu kingine ambacho vijana lazima wakishike, nacho ni mapigo. Injini ya mipigo minne ina wakubwa wawili: krenki na kamshafti. Krenki ikizunguka mara mbili, kamshafti inazunguka mara moja. Kwa hiyo kila kinachoendeshwa na kamshafti, yaani valvu, tapeti, roka, hugonga kwa nusu ya mwendo wa krenki. Injini ikiwa kwenye mizunguko 800 kwa dakika, kitu kinachogonga mara moja kwa kila mzunguko wa krenki kitagonga karibu mara 13 kwa sekunde. Tapeti moja mbovu itagonga kama mara 6 au 7. Mara 13 huwezi kuhesabu kwa mdomo, zinaungana. Mara 6 au 7 unaweza kufuatisha kwa kidole ukijizoesha. Mwenye taa ya taimingi, ile inayomweka kila plagi inapochoma, aifunge kwenye waya wa plagi: mlio ukija mara moja kwa kila mmweko, uko upande wa kamshafti, ukija mara mbili, uko upande wa krenki. Lakini ajihadhari na injini ambazo koili moja inachoma plagi mbili kwa pamoja, maana hizo humweka kila mzunguko na zitamdanganya.

Nimesema kudanganya, basi nieleze udanganyifu mbaya kuliko wote niliowahi kuuona. Gari lenye gia boksi ya otomatiki liliingia gereji moja likigonga ko-ko-ko, nzito, chini kabisa, tajiri ameshaambiwa ni krenki. Injini ikashushwa. Beringi zote zikatolewa, zikapangwa juu ya kitambaa, na zilikuwa safi, rangi ya kijivu iliyolingana, hazina mkwaruzo. Tulikaa kimya. Kisha mzee mmoja aliyekuwa akipita akashika ile sahani nyembamba inayounganisha krenki na torki konveta, kile kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gia boksi, akaizungusha kwenye mwanga, na ufa ukaonekana, umezunguka matundu ya boliti karibu nusu duara. Sahani ilikuwa ikipigana na boliti zake. Tungeuliza "lini" tungeambiwa kwamba mlio ulikuwa ukibadilika kila gia ilipoingizwa, na krenki iliyokwisha kwa kawaida haijali sana kama umeingiza gia ukiwa umesimama. Siku hizi kabla ya kusema neno krenki nafungua kile kifuniko kidogo cha chini nikamulika boliti za konveta. Ni kazi ya dakika chache, ile nyingine ilituchukua wiki.

Gari la klachi ya mguu lina mtihani wake, mfupi. Injini inanguruma, gia huru. Kanyaga klachi: mlio ukianza, ni beringi ya klachi yenyewe. Ukikanyaga na mlio ukakoma, tafuta kwenye gia boksi, kwenye shafti inayoingia. Injini haihusiki.

Kuhusu vifaa. Mwaka 1816 daktari Mfaransa René Laennec alitaka kusikiliza moyo wa mgonjwa mwanamke, akaona haya kuweka sikio kifuani pake, akakunja karatasi kuwa bomba. Stethoskopu ikazaliwa. Sisi tunayo ya mafundi, ina sindano ya chuma badala ya kile kisahani, na ni nzuri. Bisibisi ndefu yafaa pia: ncha kwenye chuma, mpini kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Sauti husafiri hewani karibu mita 340 kwa sekunde; kwenye chuma ni zaidi ya mita 5,000. Na bisibisi, kwa kuwa inagusa chuma chenyewe, inakuletea kilichoko ndani wakati hewa inakuletea kelele za feni tu. Lakini chuma kinachobeba sauti vizuri kinaibeba kila mahali. Usiguse sehemu moja ukatoa hukumu. Gusa kava ya valvu, gusa ubavu wa bloku, gusa sampu, gusa mgongo wa alternata, kisha rudia, na linganisha silinda moja na jirani yake. Kwa mlio wa hewa au moshi bisibisi haifai. Chukua kipande cha mpira wa bomba, upande mmoja sikioni, upande wa pili utembeze karibu na viungo. Fiuuu utaisikia kama mtu anakunong'oneza. Na mikono mirefu ya shati ikunjwe, kitambaa cha shingoni kitolewe, nywele ndefu zifungwe. Feni ya umeme inaweza kujiwasha yenyewe, haina adabu.

Milio ya mbele, ya mikanda, nitaipitia haraka kwa sababu ni rahisi ukiwa na maji kidogo kwenye chupa ya kunyunyizia. Mkanda ukilia, nyunyiza upande wa ndani wenye mifereji huku mikono iko mbali. Ule mlio wa kijindege, chip chip chip, ukinyamaza kisha ukarudi baada ya sekunde chache, puli hazijakaa mstari mmoja. Kelele ndefu, swiii, ikipanda zaidi ulipotia maji, mkanda unateleza: umelegea, au tenshona imechoka. Mkanda mpya hautibu puli iliyopinda. Kama ni ngurumo ya beringi na hujui ni alternata, pampu ya maji au puli ya kati, zima injini, toa mkanda, washa kwa nusu dakika. Kimya? Ni kimojawapo cha hivyo. Vizungushe kwa mkono kimoja kimoja na utahisi chenye mchanga. Usizidishe nusu dakika hiyo, kwa sababu pampu ya maji yawezekana imesimama.

Stiaringi ya pampu ikilia ng'uuu unapokata kona, angalia oili yake kama ina povu. Turbo yenye mlio wa king'ora kinachopanda na kushuka na mguu wako, iangalie mapema. Inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na haina subira. Bati la kuzuia joto la eksozi likilegea hulia kama kopo lenye kokoto kwenye kasi moja tu ya injini, juu yake na chini yake kimya. Nimeona bati hilo likiitwa konrodi.

Dizeli ni habari yake. Dizeli hugonga kwa asili, kwa sababu mafuta yanajiwasha yenyewe kwa joto la hewa iliyoshindiliwa, kwa hiyo mgeni akisikia dizeli yoyote atadhani imekufa. Unachotafuta ni silinda moja inayogonga kuliko wenzake, kali, kama nyundo ndogo kwenye fuawe, hasa injini ikiwa baridi. Mara nyingi ni nozeli inayomwaga badala ya kunyunyiza. Wazee wetu walilegeza nati ya bomba la nozeli moja moja, mlio ukikoma wamempata. Hiyo ilikuwa kwa pampu za zamani, na hata hizo zilitaka tahadhari. Kwenye dizeli za reli moja, ambazo nozeli zote hulishwa na bomba moja la presha kubwa, usithubutu. Presha mle inaweza kupita bar 1,600, na mafuta yakitoka kwenye upenyo mdogo kama sindano yanapenya ngozi na kuingia mwilini. Kidonda kinaonekana kidogo, kama umechomwa na mwiba, huku ndani nyama inaoza. Aliyepatwa apelekwe hospitali saa hiyohiyo hata kama anacheka. Kwa injini hizo pima mafuta yanayorudi kutoka kila nozeli, au tumia mashine kuzizima moja moja.

Kijana mmoja ameniuliza mlangoni: siku hizi kuna kompyuta, haya yote ya nini? Swali la haki. Kompyuta nayo inasikiliza. Kwenye bloku ya injini nyingi za petroli kuna kihisi kinachosikiliza mlio mmoja tu, ule wa petroli inayolipuka ovyo ndani ya silinda badala ya kuungua kwa utaratibu. Nyinyi mnaujua: gari linapanda kilima, gia kubwa, mguu umezama, unasikia kama misumari inamwagwa kwenye kopo. Chanzo ni petroli yenye okteni ya chini, yaani inayojilipukia kirahisi, au kaboni iliyojaa juu ya pistoni, au injini inayochemka. Kihisi kikisikia hivyo, kompyuta inachelewesha moto wa plagi, gari linakosa nguvu, injini inapona. Vizuri sana. Ila kihisi hicho hakijui tofauti ya misumari hiyo na braketi iliyolegea jirani yake. Nimeletewa gari lisilovuta, kompyuta inasema linagonga, kumbe ni boliti moja ya braketi. Kwa beringi ya konrodi inayoanza kuliwa, kompyuta mara nyingi haina la kusema mpaka presha ianguke. Tumieni mashine. Mkishaisoma, inameni.

Simu pia ni msaada. Rekodi mlio ukiusikia, kwa sababu gari likifika kwa fundi hujifanya zima. Lakini rekodi kwa programu ya sauti au video, usinipigie nisikilize. Simu ikiwa kwenye maongezi huchuja kelele zinazojirudia ili nikusikie wewe, na kelele zinazojirudia ndizo nilizozitaka. Sema ndani ya rekodi: injini baridi, gia ya pili, napanda. Maneno hayo matatu yananisaidia kuliko dakika tano za ngurumo.

Na wenye kuongeza sauti ya redio ili wasisikie, wahenga walishawaambia: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Sasa ile pikapu. Mwenyewe ameniambia kitu kimoja tu, na sijamuuliza zaidi kwa sababu nataka mumuulize nyinyi. Anasema inagonga. Haijawashwa tangu jana jioni. Oili yote imeshuka, chuma chote kimesinyaa, cheni imelegea kama imo, pistoni zina nafasi zake. Hali hiyo tunaipata mara moja. Yeyote angeiwasha hata kwa sekunde tatu angetupotezea ushahidi, na tungesubiri mpaka kesho. Hakuna redio, hakuna kuzungumza, simu mbili zirekodi, moja mbele moja nyuma. Wewe wa shati la bluu, bisibisi yako ni ndefu kuliko yangu, kaa upande wa cheni. Dada, wewe chukua mpira, ukae kwenye eksozi. Kijiti cha oili nimeshakichomoa, kiwango kiko sawa, nimekirudisha.

Bwana mwenye gari, kabla hujageuza ufunguo, waambie vijana: linagonga lini?